Msongamano na ongezeko la watu: mwongozo kamili kwa watendaji, walimu na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Kosa ni lilelile kila mara. Linaweza kuwa andiko la kuomba kisima, kazi ya mwanafunzi wa Jiografia au taarifa ya kata. Ukifika kwenye kifungu cha idadi ya watu unakuta kijiji ambacho nyumba zimeshikana kina "watu 4 kwa kilomita ya mraba". Ukurasa unaofuata, mkoa mzima "unaongezeka kwa asilimia 28 kwa mwaka". Anayesoma andiko anaweka kalamu chini, na kisima kinakwenda kwa wengine.

Hesabu zenyewe ni za kutoa na kugawanya. Kinachoziharibu ni kuchukua watu wa mpaka mmoja ukawagawia ardhi ya mpaka mwingine, au watu wa mwaka huu kwa namba za mwaka ule. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize maswali matatu: watu wa wapi, wa lini, na ardhi ipi?

## Andaa hivi kwanza

- Idadi ya watu ya eneo lako kutoka sensa mbili, pamoja na tarehe za sensa hizo.
- Ukubwa wa eneo na kipimo chake. Kwa kijiji, angalia mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao mara nyingi huandikwa kwa hektari.
- Mgawanyo wa ardhi hiyo: mashamba, msitu wa hifadhi, makazi, mabonde ya maji.
- Vizazi, vifo, waliohamia na waliohama kwa mwaka mmoja. Anza na daftari la mtendaji, kisha linganisha na kumbukumbu za zahanati.
- Kikokotoo. Simu nyingi ukiilaza upande inatoa vitufe vya ziada, na utakachohitaji ni kile kilichoandikwa "ln" (logarithi asilia, itakayotusaidia kupata kasi ya ongezeko).

Namba za mikoa yetu tutakazotumia ni hizi:

- Mtwara: watu 1,128,523 (2002), 1,270,854 (2012), 1,634,947 (2022). Eneo: kilomita za mraba 16,710.
- Lindi: watu 791,306 (2002), 864,652 (2012), 1,194,028 (2022). Eneo: kilomita za mraba 66,040.

Namba za kijiji na kata utakazokutana nazo mbele ni za mfano tu. Nimezichagua ili hesabu itoke vizuri.

## Hatua ya 1: Hakikisha mpaka haujabadilika

Naweka hii mwanzo kwa sababu ndiyo inayoangusha hata walimu wazoefu.

Chukua Masasi. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 442,573 katika Wilaya ya Masasi. Fungua jedwali la 2012, tafuta Halmashauri ya Wilaya ya Masasi, unakuta 247,993. Asiyejua ataandika kwamba Masasi imepoteza karibu nusu ya watu wake, kisha ataanza kutafuta sababu: ukame, bei ya korosho, vijana kukimbilia Dar es Salaam. Nimeisoma hoja hiyo zaidi ya mara moja, imeandikwa kwa juhudi na kwa mwandiko mzuri.

Hakuna aliyekimbia. Katikati ya sensa hizo mbili Nanyumbu ilikatwa kutoka Masasi ikawa wilaya, na Mji wa Masasi ukapata halmashauri yake. Rudisha vipande vyote mahali pake:

247,993 (Wilaya ya Masasi) + 102,696 (Mji wa Masasi) + 150,857 (Nanyumbu) = 501,546

Sasa linganisha 442,573 na 501,546. Watu wameongezeka, na kwa kasi inayokaribiana sana na ya mkoa mzima.

Mtego huohuo unakusubiri ukilinganisha 2012 na 2022. Mwaka 2015 Mtwara Vijijini ilitoa Halmashauri ya Mji Nanyamba, na Newala ikapata halmashauri ya mji. Kule Lindi, Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ikawa Mtama, na baadhi ya kata zake zikahamia Manispaa ya Lindi. Vijiji navyo hugawanywa, na kijiji kipya mara nyingi hubeba jina linalofanana na la kijiji mama.

Tahadhari: ukiona eneo limepungua au kuongezeka ghafla mno, usiandike sababu yoyote kabla hujauliza kama mpaka umehama. Wazee wa kijiji wanajua lini kitongoji fulani kilijitenga. Waulize.

Umefanikiwa ukiweza kutaja kwa sentensi moja vipande vilivyounda eneo lako katika kila sensa.

## Hatua ya 2: Geuza eneo kuwa kilomita za mraba

Lile kosa la "watu 4 kwa kilomita ya mraba" huanzia hapa.

Kijiji cha mfano kina hektari 6,000 na watu 2,400. Mwandishi anakumbuka kwamba hektari "zinagawanywa", anagawa kwa 10, anapata 600. Watu 2,400 kugawa kwa 600 ni 4.

Kilomita ya mraba ni mita 1,000 kwa 1,000, yaani mita za mraba 1,000,000. Hektari ni mita 100 kwa 100, yaani mita za mraba 10,000. Kwa hiyo kilomita moja ya mraba ina hektari 100, na unagawa kwa 100:

6,000 ÷ 100 = kilomita za mraba 60

Kama ulipewa ekari, gawa kwa 247. Angalia pia jinsi watu wanavyosema: huku kwetu mtu anaweza kukuambia "heka" akiwa na maana ya ekari, mwingine akasema hivyohivyo akimaanisha hektari. Tofauti yake ni karibu mara mbili na nusu. Usione haya kuuliza, "Mzee, heka hiyo ni hatua sabini kwa sabini?" Akikubali, hiyo ni ekari.

## Hatua ya 3: Gawa watu kwa eneo

Kijiji cha mfano: 2,400 ÷ 60 = watu 40 kwa kilomita ya mraba. Mikoa, kwa sensa ya 2022:

- Mtwara: 1,634,947 ÷ 16,710 = 97.8, tunaandika 98
- Lindi: 1,194,028 ÷ 66,040 = 18.1, tunaandika 18

Andika namba nzima. Hakuna faida ya kusema watu 97.84, na desimali hizo hudai uhakika ambao sensa haina.

Tahadhari kubwa: usichukue wastani wa misongamano. Mwanafunzi akiulizwa msongamano wa Mtwara na Lindi kwa pamoja, hujumlisha 98 na 18, anagawa kwa 2, anapata 58. Jibu sahihi ni kujumlisha watu wote (2,828,975), kujumlisha ardhi yote (82,750), ndipo ugawe. Unapata 34. Lindi ni kubwa karibu mara nne ya Mtwara, hivyo ardhi yake inashusha namba kwa nguvu zaidi. Kanuni hiyohiyo inatawala vijiji ndani ya kata na kata ndani ya wilaya.

## Hatua ya 4: Toa ardhi ambayo watu hawawezi kuitumia

Siku moja nilikaa barazani kwa mwenyekiti mmoja wa kijiji huku Makondeni, mtendaji kijana akimsomea taarifa yake. Alipofika kwenye msongamano, mzee alimsimamisha kwa mkono. "Mjukuu wangu, unasema hapa tupo watu arobaini kila kilomita. Hao arobaini nionyeshe wanalima wapi." Kijana akajibu, "Kweli babu, nimehesabu na msitu." Mzee akamwambia, "Basi utoe msitu."

Hakuna mwalimu angeweza kuieleza vizuri zaidi. Msongamano wa kawaida unamtandaza mtu juu ya kila kitu: msitu wa hifadhi, korongo, kinamasi, mwamba. Msongamano kwa ardhi inayolimika unaonyesha ardhi inayomlisha inabanwa kiasi gani.

Tuendelee na kijiji chetu. Kati ya hektari 6,000, tuseme 2,000 ni msitu wa hifadhi na 1,500 ni makorongo na miteremko isiyolimika. Zinabaki 2,500, sawa na kilomita za mraba 25.

2,400 ÷ 25 = watu 96 kwa kila kilomita ya mraba inayolimika

Kutoka 40 hadi 96, kijiji kilekile. Unaweza kwenda hatua moja zaidi, ukahesabu wakulima peke yao. Wakiwa 600, basi ni wakulima 24 kwa kilomita ya mraba inayolimika, na kila mmoja ana wastani wa hektari 4 na ushee, kama ekari 10. Lakini kumbuka mikorosho. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti 28 hivi, na mti huo ukishasimama unakaa miongo. Ardhi iliyoshikwa na mikorosho ya babu haigawiwi kirahisi kwa mjukuu anayetaka kulima muhogo. Wastani wa ekari 10 hauonyeshi hilo, kwa hiyo liseme kwa maneno chini ya hesabu yako.

Kwa ngazi ya mkoa, mfano bora ni Liwale. Wilaya hiyo peke yake inachukua zaidi ya nusu ya eneo la Lindi, na sehemu yake kubwa ni Pori la Akiba la Selous la zamani, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lakini sensa ya 2012 iliikuta na watu 91,380 tu, kama mmoja kati ya kila kumi wa mkoa mzima. Msongamano wake haukufika watu 3. Mwaka huo Lindi nzima ilikuwa na watu 13 kwa kilomita ya mraba. Ukiiondoa Liwale, watu 773,272 wanabaki kwenye chini ya nusu ya ardhi, na msongamano unapanda kupita 23.

Kwa hiyo mtu akikuambia Lindi "ni tupu", muulize tupu wapi. Anayeishi Mingoyo au Kilwa Masoko hakai kwenye wastani wa mkoa.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili au tatu za msongamano, kila moja na jina lake. Usiandike "msongamano" mtupu. Andika "kwa eneo lote" au "kwa ardhi inayolimika".

## Hatua ya 5: Tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka

Tuchukue Mtwara, 2012 hadi 2022.

Kwanza ongezeko lenyewe: 1,634,947 − 1,270,854 = watu 364,093.

Pili, asilimia ya miaka yote kumi: 364,093 ÷ 1,270,854 × 100 = 28.65. Hii ndiyo "asilimia 28 kwa mwaka" inayoharibu maandiko. Ni ya miaka kumi kwa pamoja.

Tatu, kasi ya mwaka. Hapa wengi wanagawa 28.65 kwa 10 na kuandika 2.9. Kosa lake ni dogo machoni lakini ni kosa, kwa sababu watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa mwaka wa pili na kuendelea, kama mkopo unaozaa riba juu ya riba. Njia sahihi ni hii:

1. Gawa idadi mpya kwa ya zamani: 1,634,947 ÷ 1,270,854 = 1.2865
2. Bonyeza "ln" ya jibu hilo: 0.2519
3. Gawa kwa idadi ya miaka: 0.2519 ÷ 10 = 0.02519
4. Zidisha kwa 100: asilimia 2.5 kwa mwaka

Fanya hivyohivyo kwa Lindi utapata 3.2. Namba hizo zinalingana na zilizotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zako zikitofautiana nazo, rudi hatua ya kwanza.

Jipime. Chukua 1,270,854, zidisha kwa 1.0255 mara kumi mfululizo. Unafika karibu na 1,634,750, watu kama mia mbili tu pungufu ya sensa. (Natumia 1.0255 kwa sababu ukizidisha mwaka kwa mwaka kasi inasomeka juu kidogo kuliko ya "ln".) Sasa jaribu na ile 2.865 ya njia ya mkato: unafika kama 1,685,700. Hao ni watu zaidi ya 50,000 ambao hawapo, karibu nusu ya wote waliohesabiwa Mji wa Masasi mwaka 2012. Ukipanga madarasa au dawa kwa namba hiyo, unapanga kwa ajili ya mji usiokuwepo.

Tahadhari ya miaka. Sensa zetu zimefanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14. Kati ya 1967 na 1978 ni 11. Atakayegawa kwa 10 kila mara ataona kasi ambayo haikuwepo.

Tahadhari ya msimu. Sensa yetu huhesabu watu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, na miaka ya karibuni imekuwa Agosti. Mikorosho wakati huo bado ina maua na matunda machanga. Wageni wa msimu wa mavuno na minada hawajaingia. Kama mradi wako ni wa choo cha gulioni au wa zahanati inayoelemewa Oktoba na Novemba, sema wazi kwamba namba ya sensa haina watu hao.

## Hatua ya 6: Tenganisha kuzaliwa, kufa na kuhama

Lindi ilikuwa ikiongezeka kwa asilimia 0.9 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, kisha ikaruka hadi 3.2. Ukiona mruko wa namna hiyo, usiandike haraka kwamba "watu wanazaana sana". Idadi hupanda kwa watu kuzaliwa na hupanda kwa watu kuhamia, na jumla peke yake haikuambii ni lipi.

Kata ya mfano ilianza mwaka na watu 7,904. Walizaliwa 288, wakafa 56, wakahamia 90, wakahama 130. Mwaka ukaisha na watu 8,096.

Tumia idadi ya katikati ya mwaka: jumlisha ya mwanzo na ya mwisho, gawa kwa 2, unapata 8,000. Sababu ni kwamba vizazi na vifo vilitokea mwaka mzima, si Januari wala Desemba pekee.

- Kiwango ghafi cha vizazi: 288 ÷ 8,000 × 1,000 = 36 kwa kila watu elfu
- Kiwango ghafi cha vifo: 56 ÷ 8,000 × 1,000 = 7 kwa elfu
- Ongezeko asilia: 36 − 7 = 29 kwa elfu
- Uhamaji halisi: (90 − 130) ÷ 8,000 × 1,000 = −5 kwa elfu
- Ongezeko lote: 29 − 5 = 24 kwa elfu, yaani asilimia 2.4

Elfu na mia zinachanganya wengi. Kutoka "kwa elfu" kwenda asilimia, gawa kwa 10. Usiweke 29 na 2.4 kwenye mstari mmoja bila kutaja kipimo cha kila moja.

Katika daftari lako kuhama ndiko kutakakopungua ukweli. Mtoto akizaliwa, zahanati inajua. Kijana akipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam hamuagi mtendaji, na mama yake ataendelea kumtaja kama mwanakaya miaka mitatu. Pita kwa mabalozi wa nyumba kumi, uliza kaya kwa kaya nani amelala humo mwezi uliopita.

Umefanikiwa ikiwa mwanzo + vizazi − vifo + waliohamia − waliohama inakupa idadi ya mwisho. Jaribu: 7,904 + 288 − 56 + 90 − 130 = 8,096.

## Hatua ya 7: Muda wa kuongezeka maradufu

Hii ni fupi. Gawa 70 kwa kasi ya mwaka. Mtwara kwa 2.5 ni miaka 28. Lindi kwa 3.2 ni miaka 22. Lakini kwa kasi yake ya 2002 hadi 2012, Lindi ingehitaji miaka 78 hivi. Ndiyo maana kipimo hiki husemwa kwa sharti: "kama kasi hii itaendelea". Sharti hilo lisikose kamwe.

## Hatua ya 8: Andika aya yako

Kila namba iandamane na mwaka, mpaka na kipimo chake. Kwa kijiji chetu cha mfano, aya inayokubalika mezani inasomeka hivi:

"Kijiji kina wakazi 2,400 kwa mujibu wa sensa ya 2022, kwa mipaka ya sasa, baada ya kukiondoa kitongoji kilichokuwa kijiji kamili mwaka 2014. Eneo lote ni hektari 6,000, sawa na kilomita za mraba 60. Msongamano ni watu 40 kwa kilomita ya mraba. Ardhi inayolimika ni kilomita za mraba 25, na kwa ardhi hiyo msongamano ni watu 96. Sehemu ya ardhi hii imeshikwa na mikorosho ya muda mrefu. Namba hazijumuishi wageni wa msimu wa korosho, wanaoingia kuanzia Oktoba."

Kabla ya kugonga muhuri, msomee mwenyekiti barazani.